Gari la Marehemu Milisav

Gari liliteleza taratibu mno, hata Stanija akapata nafasi ya kuukumbatia mkate uliokuwa mapajani mwake. Radosav alikanyaga breki, akakata usukani kulia, akaukata kushoto, akaitukana theluji na mama aliyeizaa, lakini gari liliendelea kwenda ukingoni kama halina dereva. Kisha barabara ikaisha. Likabingirika, likabingirika tena, likajibwaga kwa ubavu juu ya mawe ya korongo.

Theluji ikaanza kuingia kwa dirisha lililovunjika.

"Shemeji," Radosav akasema kutoka chini yake. "Uko hai?"

"Niko."

"Basi niondolee goti lako usoni."

Stanija alitoka kwanza, akamvuta mwenzake kwa kwapa. Radosav alikuwa mtu wa mwili, dereva wa malori tangu ujana wake, na hakuwa mtu wa kulia kwa maumivu. Lakini mguu wake wa kushoto ulipogusa jiwe alipiga ukelele uliozunguka korongo zima. Chini ya goti, mfupa ulikuwa umevunjika. Suruali ilikuwa imejaa damu, na damu ilikuwa tayari inaanza kuganda kwa baridi.

Hakuna aliyejua kuwa wako huko. Majirani waliwaona wakiondoka kwenda mjini Kolašin, kwa binamu yao. Asubuhi ile jua lilikuwa linawaka, na walipofika njia panda Radosav ndiye aliyesema, mbona tusipande kwanza uwanda wa Sinjajevina, huko milimani, tukafunge kibanda cha malishoni kabla ya majira ya baridi? Ilikuwa kazi ya Milisav kila mwaka. Milisav alikuwa mume wa Stanija na kaka mkubwa wa Radosav. Kiangazi kile alikuwa anakata nyasi, akaketi chini kupumzika, asiinuke tena.

Simu ya Radosav ilipasuka kwenye ajali. Ya Stanija, huko juu pasipo mtandao, ilikuwa haina kazi ila kuonyesha saa.

"Kibanda kiko mbali?" Radosav aliuliza, macho kayafumba.

"Unakijua kilipo."

"Nakijua. Nataka uniambie kiko karibu."

Stanija alifunga mguu kwa mikanda miwili na kipande cha ubao, akamlaza juu ya turubai la garini, akajifunga kamba yake kiunoni, akamvuta kupanda. Upepo ulikuwa unapuliza theluji kutoka ubavuni, laini kama unga. Alivuta akiangalia viatu vyake tu. Nyuma yake Radosav alitukana, halafu akaomba Mungu, halafu akanyamaza. Walipofika mlangoni Stanija alitaka kufungua komeo, akaona vidole vyake havikunji. Alivitazama kama vya mtu mwingine, akafungua komeo kwa kiwiko.

*

Ndani kulikuwa na jiko la chuma, viazi nusu gunia, pipa la jibini, chupa ya rakija, ile pombe kali ya matunda, mafuta ya alizeti, na kuni chache. Kuni ndizo zilizotia wasiwasi. Kwenye uwanda ule hakuna mti. Kila kijiti hupandishwa kutoka msituni chini, na mwaka huu hakukuwa na mtu wa kukipandisha.

Stanija alimmwagia Radosav rakija mguuni, akamnywesha iliyobaki kwenye kikombe. Alifanya kazi bila haraka na bila kutetemeka. Radosav alimtazama kwa muda mrefu.

"Hata hukunji uso," alisema.

"Nikikunja utapona?"

Tangu mazishi hawakuwa na mazungumzo marefu. Kwao, mwanamke humlilia mumewe kwa maneno mbele za watu, na watu huyabeba maneno hayo nyumbani na kuyarudia miaka na miaka. Stanija alisimama kando ya jeneza kama mlango uliofungwa. Aliyelia ni Radosav, mwanamume mzima, mpaka wakamshika mabega. Kijiji kilisema lake. Stanija alisikia, na hata hayo hayakumwingia. Alikuwa akiamka, akakamua, akapika, akalala, na kati ya hayo hapakuwa na kitu.

Theluji haikukatika kesho yake, wala siku iliyofuata. Ilifika mapajani, na ukungu ukashuka juu yake hata ukuta wa zizi, hatua chache tu kutoka mlangoni, ukatoweka. Stanija alivunja kitanda kimoja akakitia jikoni, kisha rafu, kisha benchi. Waliyeyusha theluji kwa maji ya kunywa. Mguu wa Radosav ulivimba, na vidole vyake vya mguuni vikaanza kubadilika rangi.

"Nitateremka kwa miguu," Stanija alisema.

"Utateremka wapi? Hata kiangazi ni mwendo wa kutwa. Ukitoka, mimi nitafia hapa na wewe utafia pale. Heri tufie pamoja, watuzike kwa gharama moja."

"Basi unataka nini?"

Radosav aligeuza kichwa kuelekea mlango mdogo kwenye ukuta wa nyuma. Upande wa pili kulikuwa na banda, na ndani ya banda, chini ya nyasi kavu na mavi ya kuku wa zamani, lilisimama gari la Milisav. Lilikuwa la Kirusi, la kijani, lenye turubai juu na magurudumu yanayovuta yote manne. Lilikuwa halijaguswa miaka.

"Lile lilikufa," Stanija alisema.

"Halikufa. Limenata. Nililijaribu na Milisav mwaka juzi, injini haikuzunguka hata kwa hendeli ya mkono. Ringi za pistoni zimeshikana na silinda kwa kutu. Nilimwambia kabla hajaliweka: tia oili kwenye silinda, zungusha kidogo. Akasema kesho. Mwanamume wa huku akisema kesho, andaa kaburi."

Alikuwa ameshasema ndipo akasikia alichokisema. Stanija alikuwa amekwisha inuka, anatafuta spana.

*

Alimburura Radosav mpaka kwenye mlango mdogo, akamwegemeza hapo, nusu kwenye joto na nusu kwenye baridi, ili aone injini.

"Toa plagi zote nne. Pole pole. Ikikatika moja tumekwisha."

Ya kwanza ilitoka. Ya pili ilikataa, naye akaipasha moto kwa chuma alichokichoma jikoni, ikalegea. Alipomaliza alichungulia kwenye matundu. Palikuwa na giza, na harufu ya pishi lililofungwa.

"Mafuta ya taa yapo?"

"Kwenye taa."

"Yachanganye na oili. Kuna kopo huko chini ya kiti, namjua kaka yangu. Mimina kila tundu, jaza. Yatashuka yenyewe pembeni mwa pistoni, yalainishe. Halafu chemsha maji, tia kwenye radieta. Chuma kikipata joto kinatanuka, mafuta yanapata njia. Yakipoa fungua koki, yamwage, uchemshe mengine. Usiyaache yagande humo, bloku ya injini itapasuka."

Usiku huo walikaa gizani, kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa ndani ya injini.

Asubuhi Radosav alisema betri ya gari hili imekufa kabisa, hiyo hata yeye haibishii. Lakini kule korongoni kulikuwa na betri nzima na petroli. Stanija alijifunga kamba, akachukua gunia, shoka, mpira wa kunyonyea petroli na dumu.

"Ukungu huu utakupoteza," Radosav alisema. "Nipe ile sufuria kubwa ya kuchemshia maziwa, na mwiko wa chuma. Nitapiga mpaka urudi. Ukinisikia nyuma yako, unakwenda. Ukinisikia mbele yako, unarudi."

"Na nisipokusikia?"

"Basi umekuwa kiziwi. Nenda."

Alikwenda. Nyuma yake sufuria ililia, ngo, ngo, ngo, kama kengele ya kanisa maskini. Kwenye ukungu hapakuwa na juu wala chini, weupe tu, naye alijua ukingo umefika pale mguu wake ulipokosa pa kukanyaga. Alishuka kwa makalio. Gari lilikuwa limefunikwa nusu. Alifungua boneti kwa shoka, akaing'oa betri, akaitia guniani. Alinyonya petroli kwa mpira, na nyingine ikamwingia mdomoni akaimeza. Alingoja ladha ije. Haikuja.

Dumu lilipojaa, aliingia ndani ya gari akae kidogo tu. Humo hamkuwa na upepo. Kiti kilikuwa kimelala ubavu, naye akalala nacho. Mkate wake ulikuwa pale pale, mgumu kama tofali. Mikono ilikuwa haimuumi. Miguu haikumuuma. Aliona kuwa hivyo ndivyo alivyokuwa miezi yote hii, isipokuwa sasa mwili nao ulikuwa umefika, umekaa karibu naye, na hapakuwa na sababu ya kwenda mahali pengine. Huko juu sufuria iliendelea, ngo, ngo, ikimkera kidogo, kama mtu anayebisha mlango wa jirani. Akafumba macho.

Kisha sufuria ikanyamaza.

Stanija alingoja pigo linalofuata. Halikuja. Alihesabu pumzi zake, halikuja. Akaona mwiko ukimponyoka Radosav, kichwa kikianguka kifuani, moto ukizimika jikoni. Aliona hayo wazi kuliko alivyowahi kuona kitu tangu kiangazi. Akasema kwa sauti, "Usithubutu wewe!" na sauti yake ikamshtua. Akajikokota nje, akafunga gunia na dumu kwenye kamba, akaanza kupanda.

Hapakuwa na mlio wa kumwongoza. Alifuata alama za makalio yake mwenyewe, zikiwa zinafutika, kisha mashimo ya miguu, kisha hakufuata chochote. Aligonga ukuta wa zizi kwa uso. Akaushika, akaenda nao mpaka mlangoni.

Radosav alikuwa ameinama juu ya sufuria. Stanija alimpiga kofi. Akampiga la pili.

"La kwanza lilitosha," Radosav alinong'ona.

"Ulinyamaza!"

"Nilipumzika. Sisi ni watu wa kupumzika, hujui?" Akamtazama. "Shemeji, umekasirika?"

"Nimekasirika."

"Mungu asifiwe," alisema Radosav.

*

Hendeli iliingia mbele ya injini kama ufunguo mkubwa. Stanija aliivuta kwa mikono, akaikanyaga, akaikalia. Injini haikujibu.

"Acha, utaivunja," Radosav alisema. Homa ilikuwa imempanda, midomo ikimkauka. "Tia gia ya nne. Tafuta nguzo, iingize chini ya gurudumu la nyuma, ulizungushe gurudumu. Nguvu itaifikia injini kwa njia ya nyuma. Kidogo mbele, kidogo nyuma. Usilazimishe. Kama unatikisa jino la mtoto."

Alining'inia kwenye nguzo. Gurudumu lilikaza, likarudi. Alihamia upande wa pili, akaning'inia tena. Mbele, nyuma. Alikwenda kuchemsha maji, akamimina, akarudi kwenye nguzo. Sehemu ya mwisho ya kitanda cha pili iliingia jikoni. Mbele, nyuma. Mchana ulikuwa umepinda pale kitu kiliposema tik ndani ya chuma.

Stanija aliachia nguzo.

"Umesikia?" Stanija aliuliza.

"Usichangamke. Rudisha nyuma."

Akarudisha. Tik. Akapeleka mbele, na safari hii gurudumu lilikwenda upana wa kidole, kisha wa kiganja. Kwenye matundu ya plagi mafuta meusi yalipanda yakitokota mapovu na chembe za kutu. Akamimina mengine mapya. Alipoweka hendeli tena ilizunguka nusu, ikakwaruza, ikagoma, ikarudi, halafu ikazunguka duara zima, na sauti ya ringi kwenye silinda ilikuwa kama ya ukoko unaokwanguliwa sufuriani.

"Zungusha mpaka ilainike," Radosav alisema. Alikuwa analia, naye hakujificha. "Zungusha, shemeji."

Walifunga betri, wakamimina petroli kwenye tangi. Stanija alipangusa plagi, akazipasha moto juu ya jiko na kuzirudisha zikiwa bado moto. Alisafisha kabureta kwa petroli, akapuliza vijia vyake kwa mdomo. Akatia maji ya moto. Kisha alimbeba Radosav, sijui kwa nguvu gani, akamweka kwenye kiti cha dereva ili akanyage mafuta kwa mguu mzima. Akaacha mlango mkubwa wa banda wazi, theluji ikiingia.

Starta iligeuza injini kivivu. Hakuna kitu. Tena. Hakuna.

"Haibani hewa," Radosav alisema. "Ringi zimeachia silinda, lakini zimelala kwenye mifereji yake, masizi yamezishika. Hewa inapita pembeni. Toa plagi, mwagia kijiko cha oili kila tundu. Oili itaziba mpaka ziamke zenyewe."

"Na zisipoamka?"

"Tutakuwa tumekaa kwenye gari zuri."

Alifanya hivyo. Betri ilikuwa inachoka, kwa hiyo Radosav akaacha kutumia starta, betri ibaki na kazi ya plagi peke yake, na Stanija akashika hendeli. Alivuta. Akavuta. Mara ya sijui ngapi injini ilipiga mshindo mmoja na kurudi nyuma, na hendeli ikamchapa mkono. Alitazama. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kilikuwa kinaangalia upande ambao vidole haviangalii. Hakikumuuma.

"Imepiga!" Radosav alipiga kelele. "Umeisikia? Imepiga! Tena!"

Alishika kwa mkono wa kushoto, akavuta, akaruka pembeni. Injini ilikohoa. Ikakohoa tena, ikatapika moshi wa buluu mzito hata gari lote likapotea ndani yake, ikayumba kwenye vishikio vyake kama mlevi, ikiunguruma kwa silinda mbili. Ikawa karibu inakata. Haikukata.

"Usiiguse!" Radosav alikuwa anapaza sauti kutoka ndani ya moshi. "Usiiguse, usiipumulie!"

Stanija alisimama theluji ikimwangukia. Baadaye kidogo silinda ya tatu iliingia kazini, na mlio ukabadilika.

*

Maishani mwake Stanija alikuwa ameendesha trekta tu, tena shambani. Lakini Radosav alizimia walipokuwa wanatoka bandani, kwa hiyo alimsukuma upande, akaketi mwenyewe. Alijikataza kuwaza ukingo. Njia ilionyeshwa na nguzo za theluji, fito ndefu zilizopakwa nyekundu kichwani, na kutoka nguzo moja hukuiona ya pili. Ulikwenda tu, ukingojea itokee. Ilipochelewa kutokea alisimama, akashuka, akaitafuta kwa miguu akiwa ameshika kamba iliyofungwa bampani. Injini iliachwa ikinguruma. Betri haikuwa na nguvu ya kuiwasha tena, na mkono mmoja haukutosha hendeli.

Kwenye mwinuko wa kwanza gari lilipoteza nguvu, likatetemeka.

"Oili," Radosav alisema bila kufungua macho. "Inaiunguza yote. Ipo nyingine?"

"Imekwisha."

"Alizeti?"

Aliimwaga chupa nzima ya mafuta ya kupikia kwenye injini inayozunguka. Moshi ukanuka kama maandazi. Radosav akacheka, kicheko kidogo kibaya, akasema Milisav angewaua wote wawili. Stanija alisema, "Ndiyo." Ilikuwa mara ya kwanza jina lile kupita kati yao bila mmoja wao kuangalia pembeni.

Waliupanda mwinuko kwa gia ya kwanza, theluji ikisukumwa na bampa. Huko juu, bila onyo lolote, silinda ya nne iliamka. Gari lilishtuka kama limepigwa mjeledi, na mlio ukawa mmoja, mzito, uliotulia. Stanija aliusikia ukipanda kutoka kwenye pedali mpaka magotini. Kuanzia hapo walikuwa wanateremka.

Vojin, mtu wa greda la kusafisha theluji, alikuwa amesimama kwenye njia kuu chini ya msitu, anavuta sigara, alipoona wingu la buluu likitoka kati ya misonobari. Alidhani msitu unaungua. Kisha likatokea gari ambalo yeye mwenyewe alikuwa hajaliona likitembea kwa miaka, na kwenye usukani mwanamke ambaye nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa barafu.

"Stanija? Mnatoka wapi nyie?"

"Radosav kavunjika mguu," alisema. "Usizime injini."

Walimpakia Radosav kwenye greda kwenda kukutana na gari la wagonjwa. Aligoma kumwachia shemeji yake pindo la koti mpaka Vojin alipomtoa vidole kimoja kimoja. Mguu waliuokoa, ingawa tangu hapo anaukokota. Vidole viwili vya mguuni vilibaki hospitalini. Stanija hakuwa na nafasi kwenye greda. Vojin alimwacha kwa mkewe, Jelisavka, katika nyumba iliyokuwa pale pale kando ya njia.

Jelisavka alimkalisha mbali na jiko, akamvua glavu kwa mkasi, akaleta beseni la maji ya uvuguvugu. Hakuuliza maswali. Alimshika mikono yote miwili, akaizamisha.

Mwanzo hapakuwa na kitu. Stanija alitazama mikono yake chini ya maji, myeupe, kidole kimoja kimepinda. Nje, gari lilikuwa bado linanguruma, hakuna aliyethubutu kuligusa. Kisha damu ikaanza kurudi. Ilikuja kama sindano, kisha kama moto, ikapanda kwenye vifundo, kwenye viwiko, naye akataka kuitoa mikono.

"Tulia," Jelisavka alisema. "Lazima. Ikiuma ndiyo inapona."

"Inauma," Stanija alisema.

"Najua, dada."

"Inauma, Jelisavka!" Alisema tena, kwa nguvu, na tena, na safari hii sauti haikuwa ya mikono. Ilitoka chini sana. Ikawa jina la mumewe, ikawa nyasi alizokuwa amezikata zikabaki chini bila kugeuzwa, ikawa shati lake, ikawa kwa nini uliketi, Milisav, kwa nini hukusimama kidogo tu nikufikie. Na maneno yakatoka moja likivuta jingine, kama yanavyotoka kwa wanawake wa kwao, isipokuwa hapakuwa na watu wa kuyasikia wala wa kuyabeba nyumbani.

Jelisavka aligeuza uso ukutani. Lakini mikono aliishika vile vile, ndani ya maji, mpaka yakapoa.